Shajara ya Sabuni ya Maji: Chumvi, Miseli na Mnato

Februari, mwanzoni

Kikundi cha kina mama hapa Mbagala kinapika sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na kufulia, lita mia kwa mpigo. Vinavyoingia ni slesi (Kenya wengi wanaiita ungerol), ambayo ndiyo dawa kuu ya kusafishia, sulfoniki, asidi ya kusafishia iliyokwisha kukutanishwa na kostiki soda hadi ukali ukaisha, CDE kidogo ya kuongeza uzito, chumvi, pafyumu na rangi. Tatizo lao ni kwamba pipa la wiki hii linatoka zito na la wiki ijayo linatoka maji, ilhali mapishi ni yaleyale. Likitoka maji, dawa wanayoijua ni chumvi. Mara nyingine chumvi inaitika. Mara nyingine kila kikombe cha chumvi kinazidisha wepesi, na pipa zima linauzwa kwa hasara, maana mteja wa huku anapima sabuni kwa jicho. Akiinamisha chupa na sabuni ikakimbia, anairudisha kwenye rafu.

Nimeombwa nisaidie kwa kuwa nafundisha kemia. Lengo la mradi ni kuchora grafu ya chumvi kwa mapishi yao na kwa maji yao, kisha kueleza kwa nini ina umbo hilo, ili wakisimama mbele ya pipa wajue wako upande gani wa grafu kabla ya kumwaga kitu. Kuna lengo la pili, ambalo mama mwenyekiti bado hajalikubali: kuwaonyesha kuwa uzito wa sabuni hausemi chochote kuhusu kiasi cha dawa ya kusafishia kilichomo. Yeye aliniambia wazi, "Mwalimu, mteja haoni hizo molekuli zako, anaona chupa." Ana haki ya kusema hivyo, biashara ni yake. Lakini jambo lenyewe linanikera tangu zamani, kwa sababu watu wenye kipato kidogo ndio wanaouziwa maji na chumvi kwa sura ya sabuni nzito.

Februari, katikati: karatasi ya katibu

Katibu wa kikundi alisoma kemia hadi kidato cha nne, na anataka kujua sababu kabla ya maagizo. Nimemwandikia karatasi, nainakili hapa kwa sababu kazi yote inayofuata inaitegemea.

Molekuli ya slesi ina mkia wa kaboni 12 unaokimbia maji, na kichwa chenye chaji hasi kinachoyapenda. Molekuli za namna hii huitwa safaktanti. Zikiwa chache majini, kila moja inaelea peke yake. Zikifika kiwango fulani zinaanza kukusanyika, mikia ndani na vichwa nje, na mkusanyiko huo ndio miseli. Ndugu wa slesi aliyechunguzwa zaidi ni SDS. Kwake kiwango hicho ni karibu milimoli 8 kwa lita katika 25°C, yaani gramu mbili na ushei, na miseli moja ina molekuli 60 hivi. Ni tufe lenye kipenyo cha nanomita 4 hivi.

Matufe hayasumbui maji. Hata ukijaza matufe ya kutosha kufika asilimia 10 ya uzito wote, mchanganyiko utakimbia karibu kama maji yenyewe. Kwa hiyo pipa lililotoka maji halina maana kwamba slesi haimo. Slesi inaweza kuwa yote imo, ila imekaa katika umbo la matufe.

Umbo linaamuliwa na nini? Mwaka 1976 Israelachvili, Mitchell na Ninham waliliweka katika uwiano mmoja ambao hadi leo sijaona ulio mwepesi zaidi: chukua ujazo wa mkia, ugawe kwa eneo la kichwa likizidishwa na urefu wa mkia. Jibu likiwa chini ya theluthi moja, molekuli zinajipanga tufe. Likiwa kati ya theluthi na nusu, zinajipanga silinda. Likizidi nusu, zinaanza kujipanga tabaka. Kwa mkia wa kaboni 12 ujazo ni nanomita za ujazo 0.35 na urefu ni nanomita 1.67. Kichwa kikichukua eneo la nanomita za mraba 0.63, uwiano unakuwa theluthi kamili. Kichwa hichohicho kikibanwa hadi 0.50, uwiano unapanda hadi 0.42, na hapo tufe halikubali tena.

Chumvi ndiyo inayobana vichwa. Vyote vina chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana. Ayoni za sodiamu, yaani chembe zenye chaji chanya kutoka kwenye chumvi, zinasogea karibu na kufunika chaji, nguvu ya kusukumana haifiki mbali tena, na vichwa vinakubali kukaa karibukaribu. Umbali ambao chaji inasikika majini unaweza kukadiriwa: chumvi ikiwa gramu 6 hivi kwa lita, umbali ni nanomita 1, ikiwa gramu 40 kwa lita, umebaki nanomita 0.37.

Silinda nayo ina ncha mbili, na kila ncha lazima ifungwe kwa nusu tufe, mahali ambapo molekuli hazikai vizuri. Kila ncha ina gharama yake ya nishati. Chumvi ikiongezeka gharama hiyo inapanda, na njia ya kuikwepa ni kupunguza idadi ya ncha, yaani silinda kuungana na kuwa ndefu. Urefu hauongezeki taratibu. Unapanda kwa kasi ya kipeo kadiri gharama ya ncha inavyopanda, hadi miseli yenye unene wa nanomita nne au tano inafika urefu wa maikromita nzima. Miseli ndefu zinapinda, zinapishana, zinanasana. Kunasana huko ndiko mkono unakohisi unapokoroga.

Katibu aliisoma pale pale, akauliza swali moja: "Sasa zikinasana, mbona sabuni haigandi moja kwa moja?" Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani juu ya sabuni. Miseli si uzi wa plastiki. Molekuli zake hazikufungwa kwa kemia, zimekusanyika tu, kwa hiyo miseli inakatika na kuungana tena muda wote hata sabuni ikiwa imetulia chupani. Mwaka 1987 mwanafizikia Michael Cates alionyesha kwa hesabu matokeo yake: kama kukatika ni kwa haraka kuliko muda ambao miseli ingetumia kujichomoa kwa kunyiririka, mchanganyiko unakuwa na muda mmoja tu wa kulegea, ambao ni kipeuo cha pili cha zao la muda wa kukatika na muda wa kujichomoa. Mnato, yaani ule uzito wa sabuni ambao mkono unauhisi, ni ugumu wa muda mfupi wa mtandao ule ukizidishwa na muda wa kulegea. Wenzetu wa Bayreuth, Ujerumani, Rehage na Hoffmann, walipima michanganyiko ya namna hii miaka ya 1980 na tabia hiyo ikaonekana kwa usafi ambao polima za kawaida haziutoi.

Machi: kifaa

Mashine ya kupimia mnato hatuna. Nimetengeneza kipimo cha gololi: bomba la plastiki angavu la kipenyo cha sentimita 5, alama mbili zilizoachana sentimita 40, na gololi za chuma za baiskeli zenye kipenyo cha milimita 4. Unadondosha gololi katikati ya bomba na kusoma sekunde kati ya alama. Kwa kanuni ya Stokes, inayounganisha mwendo wa tufe linalozama na mnato wa kimiminika, na baada ya kurekebisha kwa sababu kuta za bomba ziko karibu, kila sekunde 8 ni sawa na paskali-sekunde 1 ya mnato, takriban. Maji ni moja ya elfu ya hapo.

Nilikihakiki kwa gliserini mpya, ambayo katika 25°C ina mnato wa karibu paskali-sekunde 0.9. Ilibidi iwe mpya kwa sababu gliserini iliyoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani haina uhaba wa unyevu.

Kifaa hiki kina mipaka miwili. Chini ya nusu paskali-sekunde gololi inashuka haraka mno na kanuni ya Stokes inaacha kufaa, kwa hiyo hapo naandika tu "nyepesi". Upande wa juu, sabuni nzito sana si kimiminika cha kawaida: inapungua uzito ikisukumwa kwa kasi, na gololi inayoshuka ni msukumo. Mwaka 2003 Jayaraman na Belmonte walidondosha tufe katika mchanganyiko wa miseli ndefu wakaona halishiki mwendo mmoja kamwe. Linashuka, linasita, linashuka tena. Nimewaambia wasaidizi wangu waandike kama gololi imesita, wasifikirie macho yamewadanganya.

Machi, mwishoni: grafu ya kwanza

Nilianza na slesi peke yake, ili nisichanganye sababu. Slesi inauzwa kama uji mzito wenye karibu asilimia 70 ya dawa. Tulitengeneza maji yenye asilimia 10 ya dawa halisi, tukagawa kwenye makopo ya nusu lita, tukaongeza chumvi iliyoyeyushwa tayari, kidogo kidogo, tukaacha makopo yakae hadi kesho yake ili mapovu yapande juu na joto lilingane.

Bila chumvi: nyepesi. Asilimia 1: nyepesi. Asilimia 2: mkono unahisi tofauti, kifaa bado hakisomi. Baada ya 3 mambo yalibadilika ghafla, na kati ya 4 na 5 gololi ilihitaji zaidi ya dakika moja kufika alama ya chini. Kisha ikaanza kurudi. Kopo lililofuata lilikuwa jepesi kuliko lile la kilele, lililofuata zaidi, na la mwisho kabisa lilikuwa jepesi na lenye ukungu.

Kina mama walisimama kwenye meza wakainamisha makopo mmoja baada ya mwingine. Mama mwenyekiti alishika lile la mwisho muda mrefu. Hili ndilo pipa lao la hasara, na sasa liko mbele yao kwenye kopo, na wanajua kwamba kikombe cha chumvi cha ziada kinalisukuma mbali zaidi na kilele.

Kwa nini inarudi? Maelezo ya kwanza yanayomjia mtu ni kwamba chumvi imezidi ikazivunja miseli. Sivyo. Miseli zinaendelea kupenda kuwa na ncha chache, na ikifika mahali zinapata njia nyingine ya kukwepa ncha: ncha ya miseli moja inajibandika ubavuni mwa nyingine, na panapatikana tawi. Picha za hadubini ya elektroni ya sampuli zilizogandishwa ghafla zimeonyesha matawi hayo kwa macho katika safaktanti kadhaa. Mtu angetegemea matawi yaongeze uzito, kama yanavyofanya katika gundi. Lakini tawi la miseli halikufungwa, linateleza kwenye mwili wa miseli bila kizuizi kikubwa, na kila linapoteleza linaachia mvutano uliokuwepo. Fikiria wavu wa mvuvi ambao mafundo yake hayakukazwa: ukiuvuta, mafundo yanakimbia na wavu unakufuata mkononi. Muda wa kulegea unafupika, na mnato unashuka pamoja nao. Ukungu wa kopo la mwisho ni hatua ya mbele zaidi, mchanganyiko umeanza kutengana sehemu mbili.

Aprili: upande gani wa mlima?

Grafu yetu ni kama mlima: kushoto kwa kilele chumvi haijatosha, kulia imezidi. Sabuni nyepesi ya kushoto na sabuni nyepesi ya kulia zinafanana kwa jicho. Tumekubaliana njia ya kuzitofautisha ambayo mtu yeyote wa kikundi anaweza kuifanya bila mimi. Chukua vikombe vitatu vya sabuni kutoka pipani. Cha kwanza ongeza kijiko cha maji ya chumvi. Cha pili ongeza kijiko cha maji matupu. Cha tatu ongeza kijiko cha slesi iliyozimuliwa isiyo na chumvi. Kikombe cha chumvi kikiwa kizito, uko kushoto, endelea na chumvi kwa uangalifu. Kikombe cha maji matupu kikiwa kizito, uko kulia, chumvi imezidi. Kitu cha kustaajabisha kwa wasiozoea ni hicho cha pili: unaongeza maji na sabuni inakuwa nzito. Kwa pipa lililoko kulia, tiba bora ni kikombe cha tatu, yaani kuongeza slesi. Inagharimu fedha, ila sabuni inabaki na nguvu yake.

Kwa kawaida yao walikuwa wakipima chumvi kwa vikombe vya chumvi ya mawe ikiwa kavu. Chumvi kavu inaanguka chini ya pipa, inajenga sehemu yenye chumvi kali, na juu kunabaki pungufu. Mtu anakoroga juu, anahisi wepesi, anaongeza. Sasa tunaiyeyusha kwanza, tunapima kwa mizani, tunaandika.

Aprili: mabonge

Kumbukumbu fupi, kwa sababu ilitokea wakati wa kuzimua slesi kwa ajili ya makopo mapya. Kijana aliyekuwa akisaidia alimimina maji kidogo kidogo juu ya uji wa slesi, na badala ya kulainika uliganda mabonge magumu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Sababu ni umbo tena. Kwenye asilimia 70 molekuli zimejipanga tabaka juu ya tabaka, na tabaka zinateleza, ndiyo maana slesi inauzwa katika kiwango hicho: inapampika. Ukipunguza hadi kati ya asilimia 60 na 30 hivi, zinajipanga silinda zilizobanana kwa mpangilio wa pembesita, na hapo ni jeli ngumu kabisa. Chini ya 30 zinakuwa miseli huru. Njia ya kuvuka jeli bila kuishia ndani yake ni kutia slesi kwenye maji mengi, sio maji kidogo kwenye slesi. Inafaa kuzingatia hili: dawa ileile na maji yaleyale, kuongeza maji kumeleta ugumu.

Mei: maji ya kisima

Masika yamepungua na kikundi kimerudi kwenye maji ya kisima, ambayo ukiyaonja yana chumvi, kama visima vingi vya Dar es Salaam vilivyo karibu na bahari. Nilirudia grafu kwa maji ya bomba na kwa maji ya kisima nikiwa na mapishi kamili ya kikundi. Kilele cha maji ya kisima kilikuja mapema, kwa chumvi pungufu ya ile ya maji ya bomba. Kuna sababu mbili ndani yake. Chumvi ya kawaida tayari imo. Na maji ya ardhini yana kalsiamu na magnesiamu, ambazo ayoni zake zina chaji mbili, kwa hiyo zinafunika vichwa kwa nguvu kuliko sodiamu. Slesi inazivumilia. Sulfoniki haizivumilii vizuri, ikikutana na kalsiamu nyingi inaweza kuleta ukungu au mashapo, na hapo dawa yenyewe imepotea.

Hapa ndipo ninapopata jibu kwa swali la Februari, kwa nini mapishi yaleyale hutoa pipa tofauti. Mapishi yanayozunguka kwenye simu yanasema chumvi kilo kadhaa kwa lita mia, kana kwamba maji ya Mbagala, ya Morogoro na ya Mwanza ni mamoja, na kana kwamba slesi ya kila duka ni asilimia 70 kweli. Mlima una mteremko mkali pande zote mbili. Mabadiliko madogo ya maji au ya slesi yanatosha kukuhamisha kutoka ubavu mmoja hadi mwingine.

Mei: kukoroga upande mmoja

Kila mtu aliyefundishwa sabuni ya maji ameambiwa akoroge kuelekea upande mmoja, akibadilisha upande sabuni "itakatika" iwe maji. Nimewaheshimu walionifundisha hivyo, na nimelipima. Ndoo mbili kutoka pipa moja, moja ikakorogwa upande mmoja, nyingine huku na huku, mkorogaji yuleyule na mwendo uleule. Kesho yake hazikuwa na tofauti ambayo gololi ingeweza kuiona. Inaendana na Cates: miseli zinakatika na kuungana zenyewe muda wote, na ndani ya sekunde chache baada ya mwiko kusimama hazina kumbukumbu ya ulikoelekea.

Ila kuna kitu cha kweli nyuma ya agizo hilo. Mtu anayekoroga upande mmoja hukoroga taratibu, na anayekoroga taratibu haingizi hewa. Sabuni iliyojaa mapovu inaonekana nyeupe na nzito kwa uongo, kesho inapungua. Nimependekeza agizo libaki, kwa sababu hiyo.

Karibu na kilele kuna mchezo ambao watoto wa jirani waliupenda sana: zungusha kopo, lisimamishe ghafla, tazama mapovu ndani. Yanasimama, kisha yanarudi nyuma kidogo. Huo ni mnyumbuko, mtandao wa miseli ulivutwa na haukupata muda wa kulegea. Sabuni nyepesi haifanyi hivyo, ya kulia wala ya kushoto.

Juni: pafyumu na CDE

Kikundi kilibadilisha pafyumu kutoka ya waridi kwenda ya limau, na pipa lililokuwa zito likalainika ndani ya dakika chache baada ya kuitia. Muuzaji hakuwadanganya. Harufu ya limau na machungwa hubebwa sana na limonini, mafuta yasiyopenda maji kabisa. Yanajificha katikati ya miseli, yanaivimbisha kati, na umbo linarudi kwenye matufe yaliyonenepa. Miseli ndefu zinaisha, uzito unaisha.

CDE inafanya kinyume. Haina chaji, kichwa chake ni kidogo, inajipenyeza kati ya vichwa vya slesi na kuviruhusu vikaribiane, kama chumvi inavyofanya ila kwa njia nyingine. Kopo lenye CDE lilifika kilele kwa chumvi pungufu, na kilele kilikuwa kirefu zaidi. Hata hivyo sifurahii CDE. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kundi la 2B, yaani vitu vinavyoweza kuwa na madhara hayo kwa binadamu, na kina mama hawa wanaishika kwa mikono kila wiki. Nimewaletea betaini ya nazi. Ina chaji chanya na hasi kwa pamoja, inakaa kati ya vichwa vya slesi na kutuliza msukumano wao vizuri sana. Makopo yake yamefikia uzito wa yale ya CDE. Bei yake ni ya juu, tunajadiliana.

Julai: dumu za Njombe

Mteja wa Njombe alipiga simu kusema mzigo aliopelekewa ni mzito mno, unatoka kwenye dumu kwa taabu, akauliza kama tumeongeza kitu. Hatukuongeza kitu. Huko ni baridi ya Julai.

Nilihesabu. Mnato wa maji ukishuka kutoka 30°C hadi 15°C unaongezeka mara 1.4 tu. Miseli ndefu zina mambo mawili yanayobadilika na joto kwa pamoja: urefu wao, kwa kuwa gharama ya ncha inahesabiwa dhidi ya joto, na kasi ya kukatika kwao. Nishati yake ya mtiririko huwa makumi hadi mamia ya kilojuli kwa moli. Nikichukua 100, mnato unaongezeka karibu mara nane kati ya Mbagala na Njombe. Kopo tulilolitumbukiza kwenye ndoo ya barafu hadi 15°C lilithibitisha mwelekeo huo, ingawa gololi ilisitasita hadi nikaacha kuamini sekunde zake.

Kwa upande wa kugandana kwenye baridi, slesi inatuokoa. SDS ikishuka chini ya 16°C hivi inaanza kutoa chembe ngumu. Slesi inastahimili hata karibu na sifuri. Kwa hiyo dumu za nyanda za juu tutazipika na chumvi pungufu, zikiwa nyepesi hapa na za kawaida zikifika. Mama mwenyekiti alicheka aliposikia tunapeleka sabuni nyepesi makusudi. Kisha akamwambia katibu aandike bei ileile, kwa kuwa dawa ni ileile.

Nilikuwa nikisubiri maneno hayo tangu Februari, na sikuyasema mimi.

Julai, mwishoni: beseni

Baada ya hapo tulifanya hesabu ya beseni pamoja, kwenye ubao wa kikundi. Mama anayeosha vyombo anatia mililita 10 za sabuni kwenye lita 5 za maji. Sabuni yenye asilimia 10 ya dawa inaacha gramu 0.2 za dawa kwa kila lita ya beseni. Chumvi iliyokuwa asilimia 4 sasa ni gramu 0.08 kwa lita. Katika maji hayo hakuna miseli ndefu hata moja, hakuna mtandao, hakuna kilele. Uzito wote tuliouhangaikia umeyeyuka, na kilichobaki kufanya kazi juu ya mafuta ya sufuria ni gramu 0.2 zile. Sabuni ya asilimia 5 iliyofanywa nzito kwa chumvi na CDE ingeacha gramu 0.1.

Kikundi kimeamua mambo mawili. Asilimia ya dawa itaandikwa kwenye lebo ya kila chupa. Na mnato utapangwa ubavu wa kushoto wa mlima, mbali kidogo na kilele, mahali ambapo kosa la kikombe kimoja halimwagi pipa.

Kazi iliyobaki kwenye mradi:

Kuchora grafu ya betaini kwa viwango vitatu tofauti dhidi ya slesi, kwa maji ya kisima tu, kwa kuwa ndiyo watakayotumia kiangazi.

Kutafuta kiasi cha pafyumu ya limau ambacho mapishi yanaweza kubeba kabla mnato haujashuka chini ya paskali-sekunde 1, au kuchanganya na harufu nyingine isiyoingia katikati ya miseli.

Kujaribu magnesiamu salfeti badala ya sehemu ya chumvi. Ayoni yake ina chaji mbili, kwa hiyo itatosha kidogo, na nataka kuona kama ubavu wa kulia unakuwa mkali zaidi.

Katibu ameomba bomba la gololi libaki ofisini kwao. Nimemwachia pamoja na gololi na karatasi ya kusahihishia joto.